Pumzi ipi itulize moyo? Ulinganisho kwa watu wa Lamu

Mtu akisema anafanya "pumzi za yoga" ili atulie, bado hajasema anafanya nini. Ndani ya jina hilo moja mna pumzi ya kumlaza mtu na pumzi ya kumwamsha, mna ya kukaa kimya na ya kuvuma, mna ile ambayo mama mjamzito anaweza kuifanya kitandani na ile ambayo hafai hata kuijaribu. Kule Shela, ambako tangu 2014 kumekuwa na tamasha la yoga linaloleta walimu kutoka nchi nyingi, mtu anaweza kufundishwa pumzi tatu tofauti katika asubuhi moja, ghorofani chini ya makuti, kisha akashuka ngazi asijue ipi ni yake. Wenyeji wanaohudhuria madarasa hayo, na wale wanaofuata video kwenye simu zao, wana shida hiyohiyo.

Nimeziweka hapa zile zinazofundishwa sana, moja mkabala na nyingine. Ninachoangalia ni mambo manne: inafanya nini mwilini, inataka muda gani, inafanyika mbele za watu au inataka faragha, na inaweza kumdhuru nani. Msimamo wangu nauweka mbele ili msomaji asihangaike kuutafuta: mwenye wasiwasi ajifunze kwanza kutoa pumzi, na zile pumzi za kubana hewa zingoje.

Mwili kwanza, akili itafuata

Mtu mzima aliyekaa tu hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Aliyeshikwa na wasiwasi hupita hapo, tena anapumua kwa kifua cha juu, mabega yakipanda na kushuka. Ukivuta pumzi, moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa, hupunguza. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, pumua taratibu, na huenda ukaisikia tofauti hiyo mwenyewe, hasa ukiwa bado kijana. Anayepunguza kasi ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni hadi kwenye moyo na matumbo. Unaporefusha kutoa, unaipa neva hiyo muda mrefu zaidi wa kufanya kazi yake, kama nahodha anavyolegeza demani, ile kamba ya tanga, upepo ukizidi.

Ndiyo maana kumwambia mtu "tulia" hakusaidii. Akili iliyotaharuki haisikii amri. Lakini kupumua ni kazi ya mwili inayojiendesha yenyewe na papo hapo ikakubali kuendeshwa na mwenyewe, na kwa mlango huo moyo unafikika.

Wahindi wa kale walilijua hilo kwa kulitenda. Katika ngazi nane za yoga zilizopangwa na Patanjali, pranayama, yaani kuitawala pumzi, ni ya nne. Inakuja baada ya mikao ya mwili na kabla ya kuziondoa hisia kwenye vitu vya nje; kutafakari kwenyewe, dhyana, ni ngazi ya saba. Hili lina maana kwa anayechagua. Kuna mtu anayetaka utulivu tu, apate kulala au aingie kwenye usaili bila mikono kutetemeka. Na kuna anayetaka pumzi imfikishe kwenye kukaa kimya nusu saa. Hawa wawili hawahitaji pumzi moja.

Kutoa kwa urefu, au pumzi ya mraba?

Hizi mbili ndizo nyepesi kujifunza, na ndizo zinazochanganywa zaidi.

Ya kwanza, ambayo nitaiita pia pumzi ndefu au pumzi ya kutoa, ni hivi: vuta kwa pua ukihesabu nne, tumbo litangulie kujaa kabla ya kifua, kisha toa ukihesabu sita au nane. Hakuna kubana popote. Ukipenda, vuta tano na utoe tano. Utakuwa unapumua mara 6 kwa dakika, mwendo ambao watafiti wameukuta ukilinganisha vizuri mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Iko pia namna yake nyingine: vuta kwa pua, na kabla hujatoa ongeza mvuto mdogo wa pili juu ya ule wa kwanza, halafu iachie hewa yote kwa mdomo, polepole hadi iishe. Ni ile pumzi ya kushusha ambayo mtu huitoa bila kujua baada ya kulia sana.

Pumzi ya mraba ina pande nne zilizo sawa. Vuta kwa hesabu ya nne, bana nne, toa nne, kaa bila hewa nne. Imepata umaarufu kupitia askari wa jeshi la majini la Marekani, ingawa watu wa yoga walikuwa na pumzi yao ya kulinganisha pande tangu zamani.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha ulinganisho unaotuhusu hasa. Zaidi ya watu 100 waligawanywa makundi manne: la pumzi ya kushusha, la pumzi ya mraba, la kupumua kwa nguvu na kasi kisha kubana, na la kutafakari kwa kukaa tu na kuitazama pumzi bila kuibadilisha. Kila mmoja alifanya dakika 5 kwa siku, kwa mwezi mmoja. Wasiwasi ulipungua kwa makundi yote manne. Lakini kwa uchangamfu wa roho, makundi ya pumzi yalilipita lile la kutafakari, na pumzi ya kushusha ndiyo iliyoongoza. Tena waliofanya hiyo walikuwa wakipumua polepole zaidi hata nje ya muda wa mazoezi.

Mimi nafuata matokeo hayo, na nina sababu nyingine ya kuiweka pumzi ya mraba nyuma kidogo. Ni ule upande wake wa nne, wa kukaa bila hewa. Ukibana pumzi, gesi ya kabonidioksidi hupanda katika damu, na ubongo husoma kupanda huko kama dalili ya kukosa hewa. Mtu mtulivu hupita hapo bila taabu. Mtu ambaye hupatwa na hofu ya ghafla, kifua kikambana na akadhani anakufa, anaweza kurudishwa palepale anapopakimbia. Pumzi ya mraba namwachia mwenye akili ya kutangatanga ambaye hana hofu: mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, mtu wa ofisi mwenye hesabu za kufunga. Hesabu za pande nne zinaishughulisha akili, na kwake huo ndio ufanisi wenyewe.

Kuhusu macho ya watu, pumzi ya kutoa haina mpinzani. Kwenye boti ya jioni kutoka Mokowe, msimu wa kusi, maji yakirukia abiria, kulikuwa na bibi mmoja aliyekaa ubavuni mwangu na boya lake kifuani, ameshika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Alikuwa akivuta hewa vipande vipande, juu ya hewa ambayo bado hajaitoa. Kijana wa upande wa pili akawa anamhimiza, "Vuta pumzi, bibi, vuta pumzi." Nilimwambia, "Bibi yangu, usivute tena. Toa kwanza. Toa yote." Akaniangalia. "Nitoe nini, mwanangu, nami sina hewa?" "Unayo, imejaa. Puliza polepole, utaisikia inatoka." Alipuliza kupitia ukaya wa mtandio wake, mara ya kwanza kwa kutetemeka, mara ya pili ndefu zaidi, na mabega yakateremka. Tulipopita mikoko ya mkondoni alikuwa ameachia ubao kwa mkono mmoja na anauliza nauli imepanda lini.

Hilo ndilo ningependa kila mtu alishike. Aliyejawa na hofu haishiwi hewa. Kifua chake kimejaa na hakimwagi. Sote tumezoea kumwambia mtu avute, na tunamzidishia. Atoe kwanza, kuvuta kutakuja kwenyewe.

Pua moja moja, au mvumo wa nyuki?

Hapa tunaingia kwenye pumzi zinazotaka mahali pa kukaa na mlango wa kufunga.

Pumzi ya pua moja moja huitwa nadi shodana. Mkono wa kulia hupanda usoni, kidole cha shahada na cha kati vikunjwe kwenye kiganja. Dole gumba linaziba tundu la kulia, unavuta kwa kushoto. Kidole cha pete kinaziba kushoto, gumba linafunguka, unatoa kwa kulia. Unavuta tena kwa kulia hukohuko, unaziba, unatoa kwa kushoto. Hiyo ni duru moja. Inataka dakika 5 hadi 10 ndipo uanze kuonja ladha yake, na inataka mgongo ulionyooka na kiwiko kisicholala kifuani, vinginevyo bega litachoka kabla ya akili kutulia.

Mapokeo ya yoga husema tundu la kushoto ni la mwezi na hupoza, la kulia ni la jua na huamsha, na kupishanisha huleta mizani. Nayaheshimu mapokeo hayo, lakini simwambii mtu aichague pumzi hii kwa sababu ya mwezi na jua. Ninachokiona kikifanya kazi waziwazi ni mambo mawili: hewa ikipita tundu moja haiwezi kwenda haraka, na vidole vinavyobadilishana vinaikamata akili isiende mbali. Na usishtuke ukikuta tundu moja ni zito. Tangu 1895 tabibu Mjerumani Richard Kayser alieleza kwamba matundu ya pua hupokezana, moja hujaa kidogo na lingine hufunguka, kisha baada ya saa chache yanabadilishana. Ni kawaida ya mwili. Mwenye mafua ya kweli, hata hivyo, aiache mpaka apone. Kulazimisha hewa ipite pua iliyoziba ni kujitafutia wasiwasi mpya.

Kwa anayetaka kutafakari, hii ndiyo bora kupita zote nilizozitaja. Ukishusha mkono baada ya duru ya mwisho, unajikuta kimya kimeshakuwapo, hakikutafutwa. Kwa anayetaka msaada wa haraka barazani au sokoni, haimfai. Mtu akikuona umeziba pua atakuja kuuliza kuna nini, na utulivu utakuwa umekatika.

Mvumo wa nyuki, bramari, ni kitu kingine kabisa. Mdomo umefungwa, meno ya juu na ya chini hayagusani, unavuta kwa pua na unatoa kwa kuvuma "mmmm" mpaka pumzi iishe. Wengi huziba masikio kwa kubonyeza kile kigozi kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Ukiyaziba, sauti inahamia ndani ya fuvu. Watafiti wa Sweden waliandika mwaka 2002 kwamba kuvuma huongeza gesi ya nitriki oksidi itokayo puani mara 15 kuliko kutoa pumzi kimya, kwa sababu mtikiso hukung'uta hewa iliyokaa katika vijishimo vya mifupa ya uso vinavyofungukia puani. Walimu wengi huitaja habari hiyo kana kwamba ndiyo sababu ya utulivu. Hapo wanaruka hatua. Gesi hiyo hupanua mishipa ya damu, ni kweli, lakini kilichopimwa ni hewa ya puani, hakikuwa hofu wala usingizi. Utulivu wa bramari naueleza kwa njia iliyo karibu zaidi: mvumo hauwezi kuwa mfupi, kwa hiyo kutoa kunarefuka bila kuhesabu, na sauti inajaza mahali ambapo maneno yalikuwa yakizunguka.

Nyumba zetu za mawe zimejengwa kana kwamba zinaijua pumzi hii. Chumba cha zamani cha Mkomani ni kirefu na chembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Kuta ni za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa. Kaa ukielekea ukuta mrefu, anza kuvuma kwa sauti ya juu, kisha ishushe kidogo kidogo. Kuna mahali sauti yako inapofika, chumba kinaijibu. Unaisikia kwenye paji la uso, kwenye meno, kwenye mfupa wa kifua, na hujui tena ipi ni yako na ipi ni ya ukuta. Baki hapo. Punda watapita kichochoroni, boti zitanguruma ufukweni, na havitakufikia.

Bramari inamfaa zaidi mtu ambaye kichwa chake kina kelele za maneno: aliyetoka kugombana, anayerudiarudia alichoambiwa na ambacho angejibu. Inawafaa watoto, maana hawahitaji kuhesabu. Haimfai mwenye maumivu ya sikio, na kwa anayelala chumba kimoja na mtoto mchanga, ajaribu kuvuma kwa sauti ya chini sana au achague nyingine.

Ya usingizi: 4-7-8

Hii imetangazwa sana na daktari wa Marekani Andrew Weil, naye huieleza kuwa imetoka katika pranayama. Ncha ya ulimi hukaa nyuma ya meno ya juu. Unavuta kwa pua kwa hesabu ya nne, unabana saba, unatoa kwa mdomo nane, na mwanzoni hairudiwi zaidi ya mara nne.

Nguvu yake iko kwenye ile nane. Udhaifu wake ni saba ya kubana, kwa sababu niliyoieleza kwenye pumzi ya mraba. Anayeona saba ni nyingi ahesabu haraka zaidi akishika uwiano uleule, au aiache kabisa na avute nne, atoe nane. Kitandani, katika joto la kaskazi na feni imezimika kwa kukatika umeme, mtu hana haja ya kujitwisha kazi ya kubana.

Neno moja kwa wanaokesha. Aliyetafuna miraa hadi usiku wa manane, au aliyekunywa kahawa tungu baada ya isha na akaongeza vikombe, ana kichangamsho kwenye damu. Pumzi itampunguzia mbio za moyo kidogo, usingizi hautamletea. Huyo asiihukumu pumzi kwa usiku wa namna hiyo.

Zile za kupita haraka

Ujayi ni pumzi ya kubana koo kidogo ili hewa itoe sauti ya chini. Huenda vizuri na mazoezi ya mikao, na kwa anayekaa tu haina cha kuzidi pumzi ndefu. Sitali ni ya kuvuta hewa kupitia ulimi uliokunjwa mfano wa bomba. Wengine ndimi zao hazikunjiki hivyo, na si kosa lao. Mdomoni unahisi ubaridi wa kupendeza, lakini joto la mwili halishuki kwa maana ya kutegemewa. Sipingi, ila si ya kuanzia.

Isiyo ya kutuliza

Kapalabati inastahili onyo. Ni kutoa hewa kwa mikupuo mifupi ya nguvu, tumbo likijibana kila mara, na kuiacha hewa iingie yenyewe. Katika mapokeo ni zoezi la kusafisha na kuamsha. Lakini kwa vile hufundishwa darasa moja na pumzi nyingine, watu huibeba nyumbani wakidhani nayo ni dawa ya wasiwasi. Kupumua kwa kasi namna hiyo kunaweza kuipunguza mno kabonidioksidi katika damu. Mishipa ya ubongo hubana, kichwa huwa chepesi, vidole na midomo hufa ganzi. Mwenye hofu ya ghafla anazijua dalili hizo, na kuziona zikija kunamtosha kuingia kwenye hofu kamili. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa au ngiri, na aliyepasuliwa tumbo karibuni, wote wakae mbali nayo. Mwaka 2004 madaktari waliandika kisa cha mwanamke kijana aliyepatwa na hewa kuvuja nje ya pafu baada ya kuizidisha. Ni tukio adimu, lakini pumzi ndefu haina hatari ya namna hiyo.

Na kwa vijana wetu wapiga mbizi, wa Kizingitini wanaofuata kambakochi na wa Shela wanaoogelea kwa starehe, hili nalisema kwa herufi zote: msipumue kwa kasi kabla ya kuzama ili mkae chini muda mrefu. Kinachomlazimisha mtu apande juu ni kupanda kwa kabonidioksidi. Ukiipunguza kwanza kwa kupumua haraka, ile kengele hailii, oksijeni inaisha, na mtu anazimia chini ya maji bila kuhisi dhiki. Pumzi za yoga za kasi na za kubana hazifanywi majini kamwe, hata mahali maji yanapofika kiunoni.

"Si ibada ya Wahindi hiyo?"

Hilo ni swali la haki na halistahili kukwepwa. Yoga imezaliwa ndani ya dini za Bara Hindi, na baadhi ya madarasa huanza na kumalizia kwa kuimba mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilitoa uamuzi wa kuwakataza Waislamu yoga inayochanganya maneno ya ibada, na waziri mkuu wa wakati huo, Abdullah Badawi, akafafanua kuwa mazoezi ya mwili bila mantra hayana kizuizi. Tofauti hiyo inanisaidia kulinganisha: pumzi ndefu, ya mraba na ya 4-7-8 hazina neno lolote ndani yake. Bramari ni mvumo wa puani. Akikwambia mwalimu uigeuze kuwa "om", unaweza kubaki na "mmmm" yako, au ukakaa kimya, na mwalimu mwenye adabu hatakulazimisha. Anayebaki na shaka amuulize shekhe wake, kisha afuate moyo wake ulipotua.

Nami naona hatuanzi kutoka sifuri. Aliyesomeshwa tajwidi chuoni anajua kujaza kifua kabla ya aya ndefu, kuisoma kwa pumzi moja na kusimama pale panaporuhusiwa tu. Aliyekaa kwenye uradi kwa muda anajua pumzi inavyojipanga yenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, na wakisoma mantra ya Kibudha. Kwa zote mbili pumzi ilishuka karibu na mara 6 kwa dakika, bila mtu kuagizwa ahesabu. Sisemi sala ni zoezi la kupumua. Sala ina makusudio yake. Nasema mwili wa mwenye kusoma kwa utaratibu umeshaonja mwendo huu, na hilo linamrahisishia kujifunza.

Uanze na ipi, na wapi

Mwenye hofu ya ghafla, mwenye shinikizo la damu, mjamzito na mzee wachukue pumzi ya kutoa kwa urefu, na wasione haya kubaki nayo miaka yote. Mwenye hasira au mawazo yanayojirudia aongeze bramari. Anayetaka kutafakari afanye pumzi ndefu dakika chache, aingie nadi shodana, kisha aache kila kitu na akae. Anayepotewa na makini kazini, pumzi ya mraba. Wa usingizi ajaribu 4-7-8 akiwa ameshalala chali, si mbele ya simu.

Chagua moja na uishike kwa mwezi. Nimewaona wengi wakibadilisha kila juma, wanaishia kujua majina ya pumzi zote na mwili haujazoea hata moja. Dakika 5 zinatosha. Baada ya alfajiri, kabla mji haujaamka vizuri, ndipo panapofaa zaidi hapa kwetu. Baada ya pilau hapafai, tumbo lililojaa haliipishi pumzi. Ufukwe wa Shela ni mzuri kwa macho, lakini kusi likivuma linabeba mchanga hadi puani, na siku hizo chumba chenye dirisha wazi kinaushinda ufukwe.

Pumzi ndefu haihitaji mwalimu wala ada. Nadi shodana na bramari zinafaidi kuonyeshwa na mtu mara moja au mbili, kwa sababu ya mkono na koo. Za kubana kwa muda mrefu na kapalabati usizifanye kwa kufuata video pekee. Ukienda darasani, muulize mwalimu kabla ya kukunja miguu: je, leo kuna kubana pumzi au kupumua kwa kasi? Mweleze una pumu, mimba au presha kama unayo. Akijibu kwa upole na kukupa mbadala, kaa. Akikwambia uvumilie tu, kunja mkeka wako.

Mwenye pumu aendelee na pampu yake kama alivyoandikiwa. Pumzi ndefu inaweza kumpunguzia hofu ya kubanwa, haifungui njia za hewa zilizobana. Na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, kukosa hewa hata ukiwa umekaa, au huzuni inayokufanya usitake kuishi, hayo si ya kuhesabu nne na nane. Hayo ni ya kumwita mtu wa nyumbani akufikishe hospitali usiku huohuo.